Kanda Isiyoimba na Sindano Arobaini na Moja

Kama wiki hii umepewa kadi ya kliniki ya kifua, ukaikunja na kuificha mahali ambapo hata mkeo hawezi kufika, basi tunajuana. Mie yangu niliificha ndani ya kasha tupu la kanda, kwenye rafu ya juu ya kibanda changu pale Buguruni, katikati ya taarabu na dansi. Ilikaa humo siku nne. Katika siku nne hizo ningekuwa nimeshachomwa sindano nne na mtoto wangu angekuwa amevuta hewa yangu siku nne pungufu. Naandika kwa ajili ya mtu aliye kwenye siku kama zile. Naandika pia kwa sababu ya masikio yangu, nayo nitayafikia.

Jina langu ni Shabani. Nimezaliwa Temeke, nikahamia Tabata nilipooa, na kazi yangu ni kurekodi kanda. Miaka hiyo ya mwanzo wa tisini biashara ilikuwa imefunguliwa, redio kaseti zinaingia kwa wingi, na kila nyumba inataka muziki wake. Mtu anakuja na karatasi ameandika nyimbo anazozipenda, nami namrekodia, jioni anachukua. Nilikuwa na deki mbili, spika mbili na sikio. Watu walikuwa wanasema, mpelekee Shabani, yule anasikia hata vumbi likiingia kwenye deki. Ilikuwa kweli, na nilijivunia.

Kanda ninayotaka kuwaambia ililetwa na mama mmoja wa kwaya, siku ambayo nilikuwa tayari nakohoa lakini sijataka kujua.

"Kijana, nifutie hizi kelele, uniwekee kwaya yetu," alisema. "Kanda yenyewe nzuri, ya Ulaya. Kaka yangu alikuwaga baharia, aliileta yeye."

Haikuwa na karatasi ya jalada, na maandishi yake yalikuwa yamesuguliwa mpaka yamefutika. Kabla ya kufuta kitu chochote mie husikiliza kwanza. Nikaiweka. Hakukuwa na ngoma, hakukuwa na gitaa, hakukuwa na mtu anayeimba. Kulikuwa na mlio mmoja mpana wa vinanda vya umeme, unaingia taratibu mpaka hujui ulianza saa ngapi, na chini yake mlio mwingine mzito, kama kitu kikubwa kilicholala kinapumua. Inapita dakika nzima unadhani hakuna kilichobadilika, halafu unagundua uko mahali pengine kabisa. Upande wa pili viliongezeka vikengele vidogo, vya juu sana, vinadondoka kimoja kimoja kama matone kwenye ukingo wa bati mvua ikishakatika.

Nilisimama na mkono wangu kwenye kitufe cha kufuta, sikukibonyeza.

"Mama," nilimwambia aliporudi, "kwaya nimekuwekea kwenye kanda mpya. Hii niachie."

Akaniangalia kwa huruma. "We mtoto una nini? Hizo kelele za friji?"

"Niachie tu."

Akacheka, akaniachia. Sikujua kwa nini niliitaka. Wateja wakiisikia walikuwa wanauliza kama spika zimeungua. Niliisikiliza mchana jua likiwa kali na watu wamepungua, na nikiisikiliza nilikuwa nakohoa kidogo. Labda kwa sababu ilikuwa inapumua polepole, na mie nikawa napumua nayo.

Kukohoa kulianza na mvua za vuli. Nilijiambia ni vumbi la Buguruni. Kisha suruali ikaanza kunipwaya, nikatoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu jingine. Mwajuma, mke wangu, kila asubuhi alikuta shuka limelowa jasho, akawa analianika. Alikuwa anakaanga maandazi nje ya nyumba yetu ya kupanga, na mie nikaanza kumwona anajiweka kati yangu na karai kila nikikohoa. Nilikasirika. Nilidhani ananionea aibu. Kumbe alikuwa ameshaona wateja wawili wakigeuka na visahani vyao vitupu.

Siku niliyotema damu ilikuwa Ijumaa, natoka msikitini, nimevaa kanzu nyeupe. Niliikunja leso haraka. Sikwenda nyumbani, nilikwenda hospitali hivyo hivyo na kanzu yangu.

Walinipa kikopo nikateme makohozi, asubuhi yake kingine, na kingine tena. Siku ya majibu daktari, mtu mfupi mwenye sauti ndogo, aliniambia bila kuzunguka.

"Una kifua kikuu. Kinatibika. Miezi minane. Miwili ya kwanza utakuja hapa kila siku, utachomwa sindano na kumeza vidonge mbele yetu. Ukiacha katikati kinarudi, na kikirudi kinakuwa kigumu. Umenielewa?"

Nilisema nimemwelewa. Nikapewa kadi. Ndiyo hiyo niliyoificha.

Kuna kipimo kingine walichonipima, cha damu, kile ambacho miaka ile mtu akikitaja chumba kizima kinanyamaza. Majibu yake sitayaandika hapa. Si kwamba naona aibu. Nimekaa kwenye benchi lile na waliokuwa nao ugonjwa ule na wasiokuwa nao, tukachomwa na sista yule yule, tukakohoa kikohozi kile kile, na nimeona jinsi watu wanavyobadilika sura wakishajua nani ni nani. Nawe unayesoma, kama ulikuwa unangoja nikuambie ndipo uamue kama utanionea huruma, basi ngoja hivyo hivyo.

Siku ya tano Mwajuma alikuja kibandani mwenyewe, akapanda kwenye stuli, akashusha makasha moja moja mpaka akaiona kadi. Sijui aliambiwa na nani. Hakupiga kelele.

"Kesho tunaenda wote," alisema. "Na Tatu naye anapimwa."

Tatu alikuwa binti yetu, ana mwaka mmoja na nusu. Kesho yake tulikwenda wote. Masika yalikuwa yameanza, tukafika tumelowa hadi magotini. Tatu alikuwa salama, lakini walimpa dawa ya kumkinga. Mie nikachomwa ya kwanza.

Sindano zile zinachomwa kwenye kalio, leo kulia, kesho kushoto. Ukifika ya kumi unakaa upande mmoja kama mtu anayesikiliza mlangoni. Vidonge vilinigeuza mkojo ukawa rangi ya chungwa iliyokolea. Hakuna aliyenitayarisha kwa hilo, na siku ya kwanza niliangua kilio chooni nikidhani ni damu. Basi wewe nimekuambia: ni dawa, usilie. Tumbo lilikuwa linakataa vidonge bila chakula, kwa hiyo Mwajuma alinifungia maandazi mawili kila asubuhi, na siku nyingine hayo ndiyo yalikuwa maandazi pekee yaliyotoka, maana mtaa ulikuwa umeshaacha kununua kwetu.

Benchi la kliniki ya kifua lilikuwa la mbao, limewekwa barazani, chini ya bati linalovuja katikati. Unafika mapema, unaweka kadi yako dirishani, unakaa. Tulikaa watu ishirini, wakati mwingine thelathini. Hakuna aliyetaka kumwangalia mwenzake, kila mtu alikuwa anahesabu mbavu za jirani kwa jicho la pembeni halafu anahesabu zake.

Aliyekuwa anakaa jirani yangu kila siku alikuwa Mzee Anselmo. Alikuwa mchonga vinyago, ametoka kusini akiwa kijana, mikono yake ina makovu ya tindo mpaka kwenye viwiko. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniambia kitu ambacho watu hawakiambiani siku ya kwanza.

"Mie hii mara ya pili. Ya kwanza nilipata nafuu mwezi wa tatu nikaacha. Nilijiona mzima. Usije ukajiona mzima, mwanangu, mpaka wao wakuambie."

Kwenye dirisha la wauguzi palikuwa na redio ndogo, na ile redio ilikuwa inatuletea ugomvi. Ikipigwa kaswida kuna atakayenung'unika, ikipigwa kwaya kuna mwingine. Ikipigwa dansi mama mmoja aliyekuwa amefiwa na mumewe mwezi ule anainuka, anakwenda kusimama kwenye mvua. Mwishowe Sista Rehema akaizima kabisa. Yeye ndiye aliyekuwa anatuchoma, mwanamke mnene, mkali, mwenye mkono mwepesi kuliko wote. Redio ilipozimwa tukabaki na kukohoa kwetu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mtu mmoja akianza, benchi zima linafuata.

Sindano ya kumi na mbili au kumi na tatu nilibeba redio kaseti yangu ndogo ya betri. Nilikuwa nimefunga kibanda, sina nguvu ya kusimama, na ile kanda ilikuwa kitu pekee nilichoweza kukisikiliza bila kuchoka. Niliweka sauti ya chini, kwa ajili yangu mwenyewe. Sista Rehema akatoka na trei yake.

"Shabani, hapa si baa."

"Sio nyimbo, Sista. Sikiliza kwanza."

Alisimama na trei. Alisikiliza muda kiasi cha mtu kufunga kiatu. Mvua ilikuwa inanyesha, na ule mlio ulikuwa umeingia ndani ya mvua, huwezi kuutenga.

"Anaimba saa ngapi sasa?" aliuliza.

"Haimbi mtu. Ndiyo hivyo hivyo mpaka mwisho."

"Mh." Akaangalia benchi. Kisha akasema, "Ongeza kidogo, wa huku mwisho hawasikii."

Sitawadanganya kwamba watu walipona kwa kanda. Walikuwa wanapona kwa sindano na vidonge, na wengine hawakupona. Ninachosema ni kilichotokea mbele ya macho yangu: kukohoa kulipungua kasi. Mabega yalishuka. Yule mama mjane alibaki amekaa. Kwa kuwa hapakuwa na maneno, hapakuwa na wa kusema huyu ni wetu na yule si wetu. Kuna aliyesinzia. Mzee Anselmo alifumba macho, na vidole vyake vikawa vinatembea juu ya goti, polepole, kama anatafuta umbo ndani ya gogo.

"Hii inaitwaje?" aliniuliza ilipokwisha.

"Sijui, Mzee. Haina karatasi."

"Basi ni Ya Kusubiri," alisema.

Jina likakaa. Kuanzia siku ile nikichelewa watu wananiuliza, Shabani, Ya Kusubiri umekuja nayo? Waliomaliza miezi miwili yao waliniomba niwarekodie, nikawarekodia.

Sindano ya ishirini na tatu nilirudi nyumbani nikamkuta shemeji yangu Idrisa, kaka mkubwa wa Mwajuma, amesimama uani. Hakukubali kukaa. Mfuko wa nguo za Mwajuma ulikuwa umeshafungwa.

"Shabani, mie sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini mtaa mzima unajua ishu yako. Siwezi kumwacha dada yangu na mtoto hapa wafe kwa sababu wewe unaona aibu kusema."

"Ni kifua, braza. Kadi hii hapa."

"Kila mtu anasema ni kifua."

Nilimgeukia Mwajuma, nikingoja amkatalie. Hakumkatalia. Alimbeba Tatu, akapita mbele yangu ameinamisha macho. Nilikaa kwenye kibao cha kukunia nazi, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, na nikakaa mpaka jua likahama ukuta. Wakati ule ndipo nilipoacha kwenda kliniki. Siku mbili. Nawaambia kwa sababu mnaweza kudhani mie nilikuwa shujaa wa kadi. Siku mbili nilikaa ndani, sikumeza kitu, sikupiga kanda, nikiamini kwamba kama ni kufa basi nife nyumba ikiwa tupu, isimsumbue mtu.

Siku ya tatu aliyebisha hodi alikuwa Mzee Anselmo. Alikuwa ametembea kutoka kituo cha basi huku anasimama kila nyumba ya tatu kupumua. Alishika nguzo ya mlango, hawezi kusema. Nilimletea maji.

"Nimekuambia mie ni mara ya pili," alisema mwishowe. "Unadhani nilikuambia ili tupige stori? Vaa viatu."

Nilivaa. Sista Rehema alinichoma, akanipiga kofi la mgongo nikiwa nafunga mkanda, kofi la mama. Na niliporudi Tabata, Mwajuma alikuwa anakoka moto uani. Alikuwa amerudi peke yake.

"Tatu nimemwacha kwa mama mpaka kifua chako kisafishike," alisema. "Sista alisema mtoto ndiye wa kuangalia zaidi. Ndio maana niliondoka siku ile. Sikuondoka kwa maneno ya kaka."

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia ulipopewa kadi."

Alinipa chai. Kama una ndugu anayeumwa, jua kwamba mambo mengi yanakwisha hivyo, bila kwisha sawasawa.

Sasa nafika kwenye masikio. Karibu na sindano ya thelathini nilianza kusikia mlio ndani ya kichwa, mwembamba, kama runinga iliyowashwa chumba cha pili. Nikadhani ni njaa. Kisha miguu ikaanza kunisaliti. Nikigeuka ghafla dunia inaendelea kugeuka bila mie. Pale Buguruni sokoni nilipepesuka nikaangukia matenga ya nyanya, na mwanamke mwenye nyanya akanitukana mlevi. Niliokota nyanya zake moja moja nikiwa nimepiga magoti, kwa kuwa nikiinama hivi hivi naanguka tena.

Sikumwambia mtu. Nilihofia. Hofu yenyewe ilikuwa hii: sindano ndiyo inayoniponya, nikisema inanidhuru wataikata, na wakiikata nitakuwa kama Mzee Anselmo, mtu wa mara ya pili. Nilijua kuhesabu, zilikuwa zimebaki ishirini na kitu. Nitavumilia.

Asubuhi moja barazani tulikuwa upande wa pili wa kanda. Mzee Anselmo alikuwa ametabasamu.

"Vile vikengele," alisema, "ndivyo vinavyonipendeza mie."

"Vikengele vipi, Mzee?"

"Hivyo hapo. Na hicho. Husikii?"

Sikusikia kitu. Nilisikia mlio mzito wa chini, na ule mpana, lakini juu yao palikuwa patupu. Nikasema kanda imechoka. Siku ile ile nilifungua kibanda, nikasafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, nikaiweka kwenye deki nzuri, nikafungua sauti yote. Patupu. Nikabeba vyote nyumbani, nikamwita Mwajuma.

"Kaa hapa. Kila ukisikia kikengele kidogo, inua kidole."

Alikaa kwenye mkeka, mikono ina unga. Kanda ikaanza kuzunguka. Baada ya muda akainua kidole, akakishusha. Akainua tena. Alikuwa ananiangalia, na kila kidole kilipopanda nilikiona, na sikusikia. Kilipanda mara nyingi. Uso wake ulianza kubadilika kabla ya wangu.

"Shabani," alisema, "hata hicho?"

Nikatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

Nikamwambia ukweli. Ndiyo mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze kumwambia kitu kabla hajakigundua mwenyewe, kama naweza kuhesabu hiyo. Alinawa mikono.

"Kesho unasema. Usiposema wewe nitasema mie, nitasimama dirishani nitapiga kelele."

Asubuhi ile ilikuwa ya sindano ya arobaini na mbili. Sista Rehema alikuwa ameshaivuta dawa, sindano iko hewani. Nilimwambia. Aliirudisha kwenye trei taratibu.

"Mlio una siku ngapi?"

"Kama wiki mbili hivi."

"Wiki mbili unakuja hapa, nakuuliza hujambo unasema sijambo!" Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua ni hasira au nini. "Nani alikuambia uchague kati ya kifua na masikio? Tungekubadilishia!"

Daktari mfupi alisimama nyuma yangu, akasugua vidole vyake karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto. Akanong'ona maneno nirudie. Mengine niliyarudia, mengine nilimwambia sijapata. Akaikata sindano, akaniandikia vidonge vya aina nyingine badala yake, akasema kwamba kilichopotea huenda kisirudi, lakini kilichobaki kitabaki. Nilitoka nje. Wenzangu barazani walinitazama. Mzee Anselmo alisogea akanipa nafasi. Akabonyeza kitufe cha redio yangu mwenyewe, akaweka upande wa kwanza, ule usio na vikengele. Ule wote niliusikia.

Masika yakaisha, kipupwe kikaja. Makohozi yalisafishika na Tatu akarudi, amejifunza kusema maneno mapya na anamwogopa baba yake kwa siku nzima. Mwili ulianza kurudi, kwanza usoni, kisha mikononi. Tundu la mwisho la mkanda nikaliacha, kisha la kabla yake. Idrisa alikuja sikukuu na mbuzi nusu, akakaa mkekani, akala na sie sinia moja. Hakuomba radhi kwa mdomo. Alinimegea nyama akaiweka upande wangu, nami nikaila.

Mzee Anselmo hakufika mwisho. Alifariki mwezi wa sita wa dawa zake. Mapafu, Sista alisema, yalikuwa yameshaliwa tangu mara ya kwanza. Sie wa benchi tulikwenda kumzika, tumesimama pamoja nyuma, na waombolezaji wengine walishangaa watu hawa wembamba wamejuana wapi. Mkewe aliniambia siku za mwisho alikuwa hataki mazungumzo, anataka ile kanda tu, na majirani wachonga vinyago walikuwa wakiisikia wanapunguza kupiga tindo wenyewe, bila kuambiwa. Yeye mkewe alisema alikuwa ameichoka mno kanda ile. "Lakini sasa ameondoka," alisema, "naipiga kila siku."

Nilimaliza dawa mvua za vuli zilipoanza tena. Daktari alichora mstari chini ya jina langu kwenye daftari kubwa, akanipa mkono.

Nilirudi Buguruni. Sauti za juu hazikurudi, hata leo. Taarabu naisikia kama iko nyuma ya pazia. Wiki za kwanza wateja walirudisha kanda, wanasema zinachoma masikio, maana nilikuwa naongeza sauti ya juu mpaka niisikie mie. Nilitaka kufunga. Mwajuma akazima jiko la maandazi, akaja kukaa kibandani. Yeye ndiye anayepanga sauti ya juu sasa, mie napanga ya chini. Mwanzoni watu walicheka, fundi kanda mwanamke. Siku hizi wanamuuliza yeye kwanza.

Na ile kanda hawajaacha kuiomba. Nimeshapoteza hesabu ya nakala. Wanakuja wa benchi, wanakuja ndugu zao, amekuja mwalimu wa Tabata anayeipiga akisahihisha madaftari, amekuja mama anayesema mtoto wake halali bila hiyo. Siku moja alisimama bwana mmoja mwenye tai, akasikiliza kibandani mpaka upande ukaisha. Alikuwa amesoma nje. Akasema huko aliisikia kwa rafiki yake chuoni, na yule rafiki aliirithi kwa baba yake, ni muziki wa zamani kidogo, na watu huko hawajauchoka. Akanitajia jina la mpigaji. Nilifurahi kujua kwamba kuna wengine, mbali, ambao hawatujui, na wamekaa nao vile vile miaka yote. Jina nililiandika. Lakini kwenye kanda ninazotoa naandika Ya Kusubiri, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka jana Sista Rehema, nywele zimeanza mvi, aliniita niwe ninakwenda kuzungumza na wanaoanza. Nakwenda Jumatatu na Alhamisi. Nawaambia habari ya mkojo, habari ya kula kwanza. Nawaambia masikio yakilia, miguu ikipepesuka, sema siku hiyo hiyo, kuna dawa nyingine, hakuna anayekudai uvumilie.

Alhamisi iliyopita alikuwepo msichana wa Mbezi, hajafika hata miaka ishirini, amejifunika kanga mpaka machoni. Mama yake alimleta akaondoka. Nilimweleza yote, hakuitika hata moja. Nikakaa tu kando yake, redio iko chini, muziki unaendelea, watu wanaitwa mmoja mmoja. Zamu yake ilipofika alisimama, kisha akanigeukia.

"Inaisha muda gani?"

Sikujua anauliza sindano, kanda au ugonjwa.

"Bado kidogo," nilisema.

"Usizime," alisema. "Naenda kuchomwa, narudi."